Kaseti za Kwaya za Baba

Mwezi uliopita, rafiki yangu, nilikwenda Gongo la Mboto kumhamisha baba. Mimi niliondoka nchini na begi la kuazima, nikarudi na stashahada ya elektroniki, na leo nina nyumba Chamazi, ya vigae, yenye chumba cha baba na choo chake humohumo. Hakuna aliyenishika mkono. Baba alikubali kuhama, ila kwanza tuchambue kaseti zake.

"Zilizokufa tutupe," alisema kwa sauti kubwa, maana masikio yamezima kabisa na siku hizi anatusoma midomo. "Lakini humo nitafutie mama yako. Ule wimbo wa mavuno. Ubeti wa pili umenitoka."

Nikamwambia aondoe shaka. Ufundi nimeusomea, sikuuokota.

Baba alikuwa karani, lakini Jumamosi alikuwa mtu wa redio kaseti. Kwaya ya kanisani ilifanya mazoezi uani kwetu, naye akairekodi kwa raha yake tu. Mama alikaanga maandazi ya iliki na kuchemsha chai ya tangawizi. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku na kumwomba jirani apunguze redio.

"Haya watumishi, mie nimezima," alijibu jirani. "Jogoo mwambieni wenyewe, hata mie hanisikii."

Halafu ndege inayoshuka kuelekea uwanja wa Kipawa ilipita juu ya bati. Baba aliinua kiganja, na kwaya nzima ikanyamaza, mama mstari wa mbele akijizuia kucheka, mpaka mngurumo uishe. Mwalimu wa kwaya alitunga nyimbo kichwani na hakuziandika kamwe. Wimbo ukiuandika, alikuwa akisema, unalala. Wa mavuno ulikuwa wake. Yeye na mama wote tumeshawazika.

Basi tukakaa sakafuni, baba akipuliza vumbi na kunipa kaseti moja moja. Bati lilikuwa limevuja masika mengi, na tepu zilikuwa zimeota ukungu. Nilizifungua, nikazifuta kwa spiriti, nikazihamishia kwenye makasha mapya, kazi safi ambayo fundi wa mtaani asingeiweza. Moja baada ya nyingine zikatoa shwaaa, kama mchanga unaomwagwa. Kila nilipotikisa kichwa, baba alitupa kaseti kwenye kiroba.

Ikabaki moja. Nikaiweka, nikaongeza sauti mpaka mwisho. Shwaaa. Baba alikuwa amenikazia macho usoni.

"Ndiye?"

Kichwa kiligoma kutikisika. Nikasema, "Ndiye, baba."

Akasogea mpaka magoti yetu yakagusana. "Haya, mfuatishe. Nimwone mdomoni mwako."

Nikaimba juu ya ule mchanga. Ubeti wa kwanza naujua, nimekua nao. Baba alipiga mapigo kwa kidole kwenye goti langu, uso umemlainika kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Ubeti ukaisha, kidole kikaendelea, na mimi sikuwa na kitu. Nikachezesha midomo tu, maneno yoyote, nikiomba mapigo yaishe.

Kidole kikasimama.

"Hapo mama yako alikuwa anafumba mdomo," alisema taratibu. "Wanaanza wanaume."

Akaitoa kaseti mwenyewe, akaiweka kwenye kiroba, akafunga fundo.

Sasa yuko Chamazi. Anakula vizuri, anasifu vigae kwa kila mgeni, na wimbo hajauulizia tena. Ninayeuulizia ni mimi. Nimezunguka Kipawa, nimezunguka Temeke, nikiwatafuta wanakwaya waliobaki, wazee watupu. Nabisha hodi, nawaamkia, nawataja baba na mama. Wananikaribisha kwa furaha, wananiwekea chai, wanakohoa kusafisha koo. Na kila mmoja, machozi yakimlengalenga, ananiimbia ubeti wa kwanza.