Mizani ya Kununulia

Sanduku jipya lina harufu yake, harufu ya plastiki, gundi na kitambaa ambacho vumbi halijakijua bado. Sanduku la mama yangu lilikuwa na harufu hiyo kwa siku chache tu. Kisha likaanza kunuka omena, wale dagaa wa ziwani, na mpaka leo, kila nifunguapo sanduku lolote, pua yangu hutafuta omena kwanza. Ilifanya hivyo hata Thailand, kwenye chumba cha ghorofa ya nane, nilikokaa miaka sita nikifundisha watoto Kiingereza na hesabu. Nasema miaka sita kwa fahari. Wengi wa rika langu walioondoka Uriri kwa kelele walirudi kabla ya mwaka kuisha, nami nilirudi kwa wakati wangu mwenyewe, na diploma yangu niliyoisomea bila mjomba wa kunishika mkono, nikajenga nyumba yenye vigae sakafuni. Watu huniuliza nilijifunzia wapi kusafiri. Nilijifunza nikiwa na miaka kumi, kwenye mkeka wa sebuleni kwetu, katika zile wiki tatu ambazo mama alikuwa akiamua abebe nini.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mjaluo wa Kosele. Baba ni Mkuria wa Kehancha, na wakati huo alikuwa na kinu cha kusaga nafaka sokoni Uriri. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na lugha yake, nyumbani tulizungumza Kiswahili, na majirani walituita familia ya redio. Mwaka nilipokuwa darasa la nne, mama alipata kazi ya kufundisha Botswana kwa mkataba wa miaka miwili. Barua ilisema mambo mengi, lakini mimi nilishika moja: msafiri anaruhusiwa mzigo wa kilo ishirini na tatu. Jambo hilo lilinishangaza kuliko ndege yenyewe. Niliona vitu vya nyumbani vikianza kuwa na uzito. Zamani sufuria ilikuwa sufuria tu; sasa niliishika mkononi nikijiuliza kama ingefaa kupanda ndege. Mama alitandaza mkeka, akawa anaweka juu yake kila alichokifikiria, na kila jioni kabla ya chakula alikipitia kimoja kimoja na kukiuliza kama mwanafunzi: "Wewe, ukifika huko utafanya kazi gani?" Kitabu cha mashairi kilijibu vibaya, kikarudi kabatini. Pasi ya umeme ilijibu vizuri. Viatu vyake vyeusi vya kanisani vilisita, lakini vikabaki.

Nami nilikuwa na maswali yangu. Je, watoto wa Botswana wanaandika kwa chaki nyeupe kama yetu? Huko wanakula nini Jumapili? Kama hawana ziwa, wanajuaje mvua inatoka upande gani? Mama alichoka, akachukua daftari langu la hesabu, akalilaza kwenye kona ya sanduku. "Boke, nafasi hii ni yako," alisema. "Upana wa daftari, wala usizidi. Weka unachotaka niende nacho." Hapo maswali yalikwisha na kazi ikaanza. Kwa siku nane nilitafuta kitu. Nilifikiria chupa ya maji ya mto Kuja, baba akasema yatamwagika kwenye nguo. Nikafikiria jino langu lililong'oka, mama akasema jino ni langu, nibaki nalo. Mwishowe nilichagua mawe yangu ya kora. Mama ndiye aliyenifundisha mchezo huo: unarusha jiwe moja juu na kuyazoa mengine kabla halijatua. Nilikuwa na mawe matano laini niliyoyaokota mtoni mwenyewe. Nikaweka manne katika nafasi yangu, jiwe la tano nikabaki nalo, ili hata mmoja wetu asiweze kucheza hadi arudi. Niliona ni akili kubwa kwa mtoto wa umri ule, na bado naona hivyo.

Kisha mabibi wakaja. Nyanya, mama yake baba, alifika kutoka Kehancha na unga wa wimbi uliojaa mfuko mzima, akauweka katikati ya mkeka bila kuuliza. Mama alishukuru kwa mikono miwili. Jumamosi yake akaja Dani, mama yake mama, kutoka Kosele, na njugu karanga zilizokaangwa pamoja na omena waliokaushwa. Kwa desturi ya Wajaluo mama mkwe haingii chumba anacholala mkwewe, na sanduku lilikuwa limeshahamishiwa chumbani. Kwa hiyo mimi na mama tulilikokota hadi barazani, tukalifungua mbele ya Dani kama wafanyabiashara wanaoonyesha bidhaa. Nyanya naye alivuta kigoda akaketi karibu.

"Njugu zangu nataka kuziona zikiingia," Dani alisema.

"Wimbi umeshaingia," Nyanya akajibu. "Uko chini, mahali pa heshima."

"Chini ndipo panapowekwa viatu, dada yangu."

"Basi njugu zikae juu, zipigwe na baridi ya ndege."

Baba alicheka kidogo, kisha akakumbuka mama mkwe wake yupo, akaenda kuangalia kuku. Mama hakucheka wala hakukataa kitu. Hilo nililiona. Kwenye mkeka aliweza kuifukuza hata kanga yake mpya, lakini kila kilichotoka mikononi mwa wanawake wale wawili kiliingia. Nilianza kuogopa. Nilijua hesabu, na nilijua kwamba mzigo ukizidi, mtu atatafuta kitu kisicho na kazi, na katika sanduku lile hakuna kilichokuwa na kazi ndogo kuliko mawe manne.

Mizani tuliazima kwa Mama Atieno, jirani yetu aliyekuwa akienda ziwani kununua samaki kwa wavuvi na kuja kuwauza Uriri. Ilikuwa mizani ya kuning'iniza, yenye uso wa duara kama saa na ndoana chini, na ilinuka kazi yake. Mama aliifuata mwenyewe. Baba aliifunga kwenye boriti ya baraza, akainua sanduku, akalitundika. Sote tukasogea, hata Dani aliinuka. Mshale ulicheza, ukapanda, ukatulia. Baba akasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani: "Ishirini na tatu!" Nyanya alipiga kigelegele. Dani alisema alijua tangu mwanzo kwamba njugu zake si nzito. Wakashikana mikono, na mchana ule wakanywa chai kutoka birika moja.

Wao walipokuwa wanakunywa chai, mizani ilibaki ikining'inia, na mimi sijawahi kuacha kitu kining'inie bila kukijaribu. Nilimpima paka, akanikwaruza. Nilipima jembe. Kisha nikachukua pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili, haijafunguliwa, ile ya dukani iliyoandikwa uzito wake ubavuni. Nikaitia kwenye mfuko, nikaitundika. Mshale ulisimama kwenye moja na robo tatu. Nikapima sukari ya kilo mbili: moja na robo tatu. Nikarudi kwenye unga: vilevile. Nilikuwa wa kwanza darasani, na sisemi hivyo kwa kujigamba, daftari za ripoti zipo. Nikaketi kwenye ngazi, nikapiga hesabu kwa kijiti mchangani. Kila kilo mbili mizani ile ilikuwa inameza robo. Sanduku la mama lilikuwa limezidi kilo tatu na zaidi.

Ningeweza kusema. Walikuwa hatua kumi kutoka nilipoketi. Lakini nikisema, sanduku litafunguliwa, na kitu cha kwanza kutoka ni mawe yangu. Nilifuta hesabu kwa mguu. Siku nne zilizobaki nilitembea na siri ile kama mtu aliyemeza kokwa. Mama akinishika shavu, naangalia chini. Usiku mmoja kabla ya safari aliniuliza kama naumwa, nikasema ndiyo, tumbo. Asubuhi akaondoka na baba kupanda basi la Nairobi. Nilimkumbatia na kujiambia nitasema sasa, sasa hivi, na sikusema.

Baba alirudi siku ya tatu na mfuko wa sandarusi. Niliusikia uzito wake alipouweka sakafuni, na moyo wangu ukafanya kishindo hichohicho. "Afisa wa uwanjani amekataa," alimwambia Nyanya. "Mizani yao imeonyesha mzigo umezidi." Nyanya aliuliza kama afisa huyo alizaliwa na mama au aliokotwa. Mimi nilikuwa nimeshapiga magoti kwenye mfuko. Nilitoa nusu ya wimbi. Nilitoa nusu ya njugu, na hata kwa macho ya mtoto niliona mafungu yale yalilingana kabisa. Nilitoa pasi. Nilitoa viatu vyeusi vya kanisani. Nikageuza mfuko, nikaukung'uta, nikatia mkono kwenye kila pembe. Mawe hayakuwamo. Mama alikuwa ameacha viatu, akaenda na mawe yangu. Nilifurahi na kuona haya kwa wakati mmoja, na sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinaweza kukaa katika kifua kimoja. Habari zilipofika Kosele, Dani naye aliuliza kuhusu mama yake afisa. Kwa miaka miwili, kila mabibi wale walipokutana, walimsema yule afisa, na sijawahi kuona wakwe waliopendana vile.

Mama alirudi, akaweka mawe manne mkononi mwangu kabla hajakaa, na jioni ile tukacheza. Lakini ile siri niliendelea nayo hadi nikawa mwanamke mzima, mwenye diploma, nikijifungia sanduku langu la Thailand katika sebule ileile. Shirika la ndege liliniruhusu kilo thelathini na sikuweza kuzijaza. Nibebe nini? Unga unauzwa huko, picha ziko kwenye simu, na mama ningemwona usoni kila jioni kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja. Yeye alikuwa ameketi akinitazama. Nikaona ni wakati. Nikamwambia: mama, nilijua ile mizani ni mbovu, nikanyamaza, nikakutia aibu mbele ya watu uwanjani.

Akacheka hadi akashika ubavu.

"Boke, mimi ni mtoto wa ziwa. Wewe ndiye wa kunifundisha mizani ya Mama Atieno? Alikuwa nazo mbili. Ya kuuzia ilikuwa mlangoni, ningeichukua bila hata kuingia ndani. Nilimwomba ile anayonunulia kwa wavuvi."

"Kwa nini?"

"Ungetaka nimwambie nani? Nyanya yako kwamba unga wake ni mzito, au mama yangu kwamba njugu zake ni nyingi? Nilimwachia afisa. Yeye hana undugu na mtu hapa."

"Na mawe yangu?"

"Mawe yalikuwa kwenye mkoba wangu wa mkononi, ndani ya soksi. Tangu siku ile uliyoyaweka. Hayakupanda mizani yoyote."

Mimi, wa kwanza darasani, nilikuwa nimebeba kokwa ile kwa zaidi ya miaka ishirini bure.

Siku hizi walimu vijana wa Migori na Homa Bay wakipata kazi nje huja kwangu, kwa sababu wanajua nimefika na nimerudi. Nawaambia wasibebe mashuka, wabebe nakala za vyeti na dawa za tumbo. Nina mizani ya kielektroniki ndogo kama kitasa, haikosei hata gramu, na nadhani hapa Uriri hakuna nyingine kama yangu. Wiki iliyopita alikuja msichana wa Kosele aliyeolewa Kehancha, anakwenda kufundisha Oman, akaniomba kuiazima. Nilikuwa nimeshaishika mkononi kumpa nilipomuuliza ni nani watakuwapo akipima. Akasema mama yake na mama mkwe wake, wote wanakuja Jumamosi na mizigo yao. Nikairudisha ile ndogo kwenye droo. Nikaenda jikoni, nikaitoa kwenye msumari mizani ya zamani ya Mama Atieno, ile ya kununulia, ambayo binti yake aliniachia alipohamia mjini, nikaifuta vumbi. Bado inanuka omena. "Kesho yake, wakiondoka," nilimwambia, "njoo uchukue ile nyingine."