Karamu ya Mama

Kwa Kiswahili chetu kitenzi ni kimoja. Mwalimu humchapa mwanafunzi kwa fimbo, na karani huichapa barua kwa mashine. Mimi nimechapa kwa miaka thelathini na ushee, na nimechapwa karibu miaka hiyo hiyo, kwa hiyo naona nina haki ya kusema jinsi watu na mashine walivyozoeana hapa Mwanza. Wataalamu waseme yao. Mimi nitasema ya vidole vyangu kumi.

Nilianzia kwenye chuo cha uhazili kilichokuwa juu ya duka la vitambaa, Nyamagana. Mama aliuza ng'ombe ili nisome pale. Alinisindikiza mpaka kivukoni upande wa Sengerema, akanishika mkono na kuniambia, "Mwanangu, nakupa karamu. Usiiachirie." Alimaanisha kalamu. Kwetu Usukumani L na R ni watoto wa tumbo moja, ukimwita huyu anaitika yule. Mgeni angesikia kwamba mama ananipa wali na nyama. Mimi nilielewa, nikapanda kivuko huku nalia.

Mwalimu wa uhazili alikuwa mama wa makamo, nadhifu sana, mwenye rula ya mninga. Alitufunika mikono kwa kitambaa cheusi ili tusione herufi, kisha akasoma kwa sauti, nasi tukachapa. Ukikosea herufi, rula. Na hakupiga ovyo: alipiga kidole kilichokosea. R ni ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, L ni ya kidole cha pete cha mkono wa kulia. Sikuwa na makosa mengine. Nilikuwa na hayo mawili tu, nayo yalinitosha, maana vidole hivyo viwili vilivimba hadi nikashindwa kufunga vifungo vya blauzi.

Siku moja alitusomea barua iliyohusu ununuzi wa kalamu na wino. Nikachapa karamu mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Alikuja taratibu, akaufunua mkono wangu wa kulia, akakilaza kidole cha pete, kilichopaswa kuchapa L, ukingoni mwa meza, akashusha rula kwa ubavu. Nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu. Nilijikojolea palepale kitini. Aliniambia nikapanguse, kisha nirudi kumalizia barua, maana ilikuwa bado haijafika kwenye sahihi.

Kidole kilipona kikiwa kimepinda, na kimepinda hadi leo. Tangu siku ile sijawahi kuchapa R mahali pa L. Kosa lilitoka vidoleni, likahamia ulimini, na hutoka mdomoni nikiogopa au nikikasirika. Yule mama namchukia. Lakini uongo sisemi: ndiye aliyenifanya karani ambaye mabosi walimgombania.

Kompyuta ya kwanza nilikutana nayo kwenye ofisi moja ya mambo ya pamba. Iliwekewa chumba chake na feni yake, ikafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, na sisi tulivua viatu mlangoni kama tunaingia msikitini. Bosi alikataza mtu kuigusa bila yeye kuwepo. Siku aliponiruhusu, niliichapa nilivyozoea kuchapa chuma, kwa nguvu ya bega, na kibodi ikaruka mezani. Bosi alinipiga kwa faili kisogoni, akasema hii haichapwi, hii inabonyezwa. Nikajifunza kubonyeza. Jamaa wa masjala alipigwa teke kwa kuibamiza ile kompyuta ubavuni ilipogoma, ingawa bosi mwenyewe tulimwona akiibamiza hivyo hivyo tulipokuwa tumetoka kwenda chai. Hakuna mashine iliyoingia ofisi ile bila mtu kuumia.

Ofisi ilipozitupa mashine za chuma, niliiomba yangu. Nikaenda nayo nyumbani Buhongwa, nikaiweka juu ya kabati fupi sebuleni. Mume wangu alisema tunafuga chuma chakavu. Hakuitoa, ila kila mgeni alipokuja aliinyooshea kidole na kucheka.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Alizaliwa hapahapa mjini, lakini wazazi wake walitoka pwani, na lugha aliishika kama wengine wanavyoshika shamba la urithi. Siku familia zetu zilipokutana kwa mara ya kwanza, mama yangu alisimama kunisifu, akasema mtoto huyu nilimpa karamu. Mume wangu mtarajiwa akamkatiza kwa tabasamu. "Mama, ni kalamu. Karamu ndiyo hii tunayokula." Watu wakacheka. Mama naye akacheka, amejiziba mdomo kwa khanga. Na mimi nilicheka. Hiyo ni dhambi yangu, naijua, na sijaitubu ikaisha.

Ndani ya nyumba alinisahihisha kwa mkanda. Kugombana tuligombana kwa mambo ya watu wote, chakula kimechelewa, nimeongea na nani, simu ya nani. Lakini nikishapandwa na hofu ulimi unateleza, nasema habali, nasema sijarara, na hapo yeye anapata pa kuanzia. Kila neno alilitamka yeye kwanza kwa usahihi, kisha mkanda, kisha ananitaka nirudie. Alipiga mgongo na mapaja, hakupiga uso. Asubuhi alivaa shati lililopigwa pasi na kwenda kufundisha watoto wa watu ngeli za majina. Binti yetu alikua akisikia hayo kupitia ukutani, na alipopata chuo Dodoma alienda bila kugeuka nyuma. Simlaumu.

Nilipochoka nilipeleka maneno kwa wazee wa pande zote mbili. Walikaa, wakanisikiliza, wakaniuliza alama ziko wapi. Mwanamke wa umri wangu avue nguo mbele ya baba wakwe? Sikuvua. Mume wangu alizungumza kwa nusu saa, methali juu ya methali, na mwisho wazee wakatuambia vikombe vikikaa kabatini pamoja lazima vigongane. Jumatatu yake alinivunja mbavu mbili. Aliniambia nikimpeleka tena kwa watu ataniua, na alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza chumvi.

Binti yangu ndiye aliyenitumia simu ya kugusa. Alinifundisha kwa kupiga simu ya jirani, nami nikiwa nimeishika yangu. Mama, aliniambia, usiichape, iguse tu. Kugusa kulinishinda kwa wiki nzima. Sikujua kwamba kuna mashine inayomtii mtu bila kupigwa. Nilipotaka kuifunga kwa alama ya kidole ilikataa vidole vyote kumi. Hata wakati wa kusajili laini yule kijana wa kaunta alihangaika, akasema mama, vidole vyako vimefutika. Ni karatasi. Ukipanga na kuhesabu karatasi miaka thelathini, zinakula ngozi. Basi nikaifunga kwa neno la siri.

Katika simu ile nilianza kupiga picha. Nilisimama bafuni, mgongo kwenye kioo, simu juu ya bega. Mkanda, buti, waya wa pasi. Kila picha mashine yenyewe iliiwekea siku na saa, na hilo lilinipa raha nisiyoweza kuieleza, maana mashine haina baba mkwe. Nilikuwa na picha za mwaka mzima. Nilimwandikia binti yangu kwamba Jumatatu nitazipeleka dawati la jinsia, kituo cha polisi. Sikumwambia mtu mwingine.

Jumamosi mchana kabla ya Jumatatu hiyo, ujumbe wa binti uliingia nikiwa nakuna nazi. Mume wangu aliona mwanzo wake kwenye kioo cha simu: "Mama, picha zote umezihifadhi?" Alinishika nywele, akaniburuta mpaka sebuleni, akanipigisha magoti mbele ya stuli aliyokalia. Alichukua kidole gumba changu akakibandika kwenye simu. Ikakataa. Akachukua kinachofuata. Alipitia vidole vyote, kimoja kimoja, na kila kilichokataliwa alikikunja nyuma mpaka nipige kelele. Cha shahada cha kushoto kilitoka kwenye kiungo chake. Kile cha pete, kilichopinda zamani, alikivunja mara ya pili.

Kisha akataka neno la siri. Nilikataa. Alinipiga teke kwenye mbavu zilezile. Nilikataa tena, akaniinamisha na kuligonga paji la uso wangu kwenye sakafu, na damu ikaniingia machoni. Nilijua akizifungua picha zile atazifuta, na akishazifuta ataniua, na watu watazika mke wa mwalimu aliyeanguka bafuni. Nilijua yote hayo. Na bado nilisema, maana kuna mahali maumivu yakifika mtu husema. Sijivuni.

"Karamu ya mama," nilimwambia. "Yote kwa pamoja. Karamu ya mama."

Ndivyo lilivyokuwa. Vidole vyangu vilivyofundishwa kwa rula havikuwahi kukosea kwenye karatasi ya mtu yeyote, na pale tu, kwenye neno la siri ambalo hakuna bosi wala mwalimu angeliona, niliruhusu kosa likae. Niliandika kama mama alivyotamka. Nilimwambia mume wangu ukweli, herufi kwa herufi.

Alinitazama, akasonya. "Kalamu," alisema.

Akaandika kalamu. Simu ikakataa. Akaweka herufi kubwa mwanzoni, ikakataa. Akatenganisha maneno, ikakataa. Akanizaba kofi kwa uongo wangu, nikarudia neno lilelile, karamu, nalia, naapa kwa mama, naye akaandika kalamu tena, maana mkono wake haukujua kuandika kosa. Alisikia R yangu, akaisahihisha kabla haijafika kidoleni. Mara ya tano simu ilimwambia asubiri, na sekunde zikaanza kuhesabika kurudi nyuma.

Akasubiri. Mtu huyu hakuwahi kunisubiri nimalize sentensi, lakini mashine ilipomwambia subiri alikaa kwenye stuli, miguu mitupu imetandazwa, simu pajani, macho kwenye zile namba.

Niliinuka kwa kushikilia kabati. Mashine yangu ya chuma ilikuwa palepale juu. Niliikumbatia kwa viwiko, kwa sababu vidole havikushika tena, nikageuka na kuiachia juu ya mguu wake. Kengele yake ililia, ile ya mwisho wa mstari. Alianguka ubavu, mguu ukiwa hauna tena umbo la mguu, na simu ikateleza mpaka mlangoni. Naweza kusema nilijuta. Sikujuta. Nilitamani ningekuwa na nguvu ya kuiinua mara ya pili.

Niliizoa simu kwa viganja nikatoka, na bodaboda mmoja alinibeba mpaka kituoni bila kuniuliza nauli. Kwenye dawati la jinsia kulikuwa na askari wa kike, umri wa binti yangu. Alinipa maji, akaandika fomu ya PF3 ili nikatibiwe, akaniuliza kama nina ushahidi wowote. Nilimwambia uko kwenye simu. Nikajaribu kuifungua mwenyewe, nikashindwa, vidole vilikuwa vimevimba na damu iliteleza kwenye kioo. Ilibidi nimtajie yeye. Nilikuwa bado naogopa, na nilijua nitalisema vile vile, na nilijua watu waliosoma hufanya nini wakinisikia.

"Karamu ya mama," nilisema. "Yote kwa pamoja."

Hakuuliza ni karamu gani. Hakutabasamu. Aliinama juu ya simu akaandika nilivyosema, nayo ikafunguka mara ya kwanza.