Mapafu ya Bwana Yangu Juu ya Ngoma

Bwana yangu alisimama katikati ya wimbo, Jumapili ya Mavuno, kanisa limejaa mpaka inje.

Akanyoosha kidole kwa ngoma yetu.

"Mapafu yangu! Banapiga mapafu yangu!"

Ngoma ikanyamaza. Mama mmoja huko nyuma akaanza kukemea pepo bila hata kuuliza ni pepo gani.

Na minye? Nilikuwa naangalia viatu vyangu. Sababu bwana yangu hakurukwa na akili. Mapafu yake yalikuwa pale, yamekazwa na vis sita, skrubu za chuma, na minye mwenyewe njo niliyakaza.

Mnacheka. Ngojeni niwaelezee.

Minye ni kambo, ni kusema nyanya, wajukuu wamejaa nyumba, nakaa Panda, hapa Likasi. Masomo yaliishia primaire, lakini ngoma naijua. Baba yangu alipigaka mu fanfare, bendi ya tarumbeta, nilikulia chini ya ngoma zake. Kwaya yetu ya wamama ina ngoma moja tu, ndogo, ya chuma, ya kuvaa shingoni. Ikipasuka wananiletea. Ikilegea wananiletea.

Ijumaa, kisha ya mazoezi, Mado aliikalia.

Mado ndiye mpiga ngoma wetu. Ni mwanamke wa nguvu, Mungu hakumpimia nyama kwa kijiko. Alifikiri ni kiti.

Pwaaa!

"Mado!"

"Yaya," ananiitaka hivyo, kama dada mkubwa, "nani aliweka ngoma pa kiti?"

"Weye njo uliweka matako pa ngoma!"

Tatizo ni hili. Siku ya Mavuno, kwaya ya wamama ndiyo inaingiza watu kanisani na vikapu vyao, tangu zamani. Lakini Déogratias, kiongozi wa kwaya ya vijana, alipata piano ya umeme, na macho yake yalikuwa kwa nafasi yetu. Pasta alishasema: "Bamama, ngoma yenu isipokuwa tayari, bavijana bataingiza."

Na nafasi kama ile, ukiipoteza mwaka moja, hairudi.

Jumamosi Déogratias akapita mbele ya nyumba yangu, pole pole, kama mtu anaenda kuona maiti.

"Kambo, nasikia ngoma ilikufa. Pole sana."

"Haiyakufa. Inalala."

"Bon. Ikiamuka mutatuambia."

Kijana mwenye meno mengi, yule.

Ngozi ya kununua iko mbali, Lubumbashi. Ngozi ya mbuzi inataka muda wa kukauka. Lakini sisi tuna njia yetu: ile picha nyeusi ya hospitali, ile ya kuonyesha mifupa. Plastiki yake ni ngumu, haiogopi mvua, na sauti yake ni kavu, ta-ta-ta. Ile Mado aliyoikalia ilikuwa picha ya namna hiyo. Ilikuwa yangu, ya siku nilipoanguka na kinga, basikeli ya shemeji. Sikuiangalia hata. Niliiosha na Javel, dawa ya kung'arisha nguo, mpaka mifupa yote ikatoka, ikabaki kama kioo.

Sasa nyumbani ilibaki picha moja tu.

Ya Athanase, bwana yangu.

Hapa lazima niwajulishe mtu huyu. Alipoacha kazi kule kiwanda cha Shituru alipigwa picha ya kifua, siku ile ile minye nilipoanguka. Tangu hapo, picha ndiyo ikawa kazi yake.

"Baba Ricky, nisaidie maji," namwambia.

Anaenda ku armoire, lile kabati la nguo, anatoa picha, anaiinua kwa dirisha.

"Mama, unaona ile tache? Ile doa ya muviringo? Njo kifo yangu ile. Na weye unasema maji."

Jembe? Tache. Kuni? Tache. Mgeni akiingia, kabla hajaketi, anaonyeshwa tache. Hata mu matanga ya jirani aliibeba chini ya koti, na watu wakamlilia yeye kuliko marehemu.

Minye ni mtu wa subira. Nilibeba maji, nikapasua kuni.

Lakini Jumamosi ile, Athanase alipolala kisha ya chakula, niliangalia armoire. Armoire nayo ikaniangalia.

Nikajiambia: ni wimbo moja tu. Kesho jioni naitoa, naipiga pasi, naiweka mahali pake. Ndiyo maana sikuiosha na Javel. Unaosha namna gani kifo cha mtu?

Tukajifungia jikoni na Mado. Ufunguo wa ngoma ulipotea zamani, tunatumia ufunguo wa basikeli. Nikafungua vis zote, nikatoa duara ya chuma, nikapangusa ukingo, nikausugua na mshumaa ili plastiki iteleze. Picha tukaichovya mu maji ya moto, pembeni zikalainika, tukazikunja, tukarudisha duara juu yake.

Mado akanyakua ufunguo, akaanza kukaza vis moja mpaka mwisho.

"Eh! Unafunga bidon ya mafuta? Kwanza na vidole, zote. Kisha hii kidogo, na ile ya ngambo yake kidogo. Kama kufanya musalaba. Ukikaza upande moja, ngoma inapinda kinywa, inalia kama mbuzi."

"Yaya, lakini tuko na haraka."

"Njo pale unafanya pole pole."

Kisha unagonga na kidole karibu na kila vis, unasikiliza. Ile yenye kulia chini unaikaza kidogo sana, kama unywele, mpaka zote zinasema sauti moja. Halafu unakandamiza katikati na kiganja. Italia kra! Usiogope, plastiki inajipanga tu.

Mado hakujua. Aliposikia kra, akaruka nyuma.

"Mbavu! Nimevunja Baba Ricky mbavu!"

"Nyamaza, ataamuka!"

Nikagonga mara moja. TA! Kuku wote wakatoka mbio.

Kutoka chumbani: "Mama, nini ile?"

"Sufuria, Baba!"

"Mugonge pole pole. Minye ni mugonjwa."

Jumapili nikaifunika ngoma na kitambaa cha dantela. Athanase akakaa kiti cha mbele, wanamwekeaka sababu ya kifua. Déogratias akakaa kwa piano yake, vidole juu, anangoja tukosee.

Tulianza vizuri. Watu na vikapu wako mlangoni, wanangoja refrain, kile kiitikio, ndiyo waingie. Lakini Mado alikunja uso.

"Hii kitambaa inakula sauti!"

Akaitupa.

Refrain ikafika, furaha ikampanda. Akaivua ngoma shingoni, akaiinua juu ya kichwa, akaigeuzia watu, akaipiga na mkono moja. Nyuma yake dirisha. Mu dirisha jua. Na ngoma yetu chini iko wazi, haina ngozi ya pili.

Mifupa ikawaka mbele ya kanisa zima. Katikati yake, tache.

Ndipo Athanase aliposimama, kama nilivyowaambia.

"Bibi yangu ametoa mapafu yangu bure! Muifungue! Sasa hivi!"

Piano ikasema tiii. "Pasta," Déogratias akaita, "siye tuko tayari."

Nikajua tumekwisha. Hakuna mtu wa kuvalisha ngoma upya wakati vikapu viko mlangoni.

Stéphanie, mama muuguzi, akatoka kwa kiti chake. Akapokea ngoma, akaiinua kwa dirisha. Akaigeuza juu chini. Akaigeuza tena. Akaanza kuuma midomo.

"Baba Athanase, nyumbani unaiangaliaka hivi?"

"Ndiyo. Kila siku."

"Basi unaiangaliaka kichwa chini. Na haiko mapafu. Hii ni bassin, nyonga. Tena ni nyonga ya mwanamuke."

Athanase akajipapasa kifua.

"Na tache?" Sauti ya Athanase ilikuwa kama ya mtoto aliyevunja sahani.

"Ile ni bouton ya jupe, Baba. Kifungo cha sketi. Balisahau kumuambia avue."

Kanisa likaangua kicheko. Pasta alijificha nyuma ya mimbari, tukaona mabega tu yanatikisika. Stéphanie akaweka sikio kwa mgongo wa Athanase, akamwambia avute pumzi, atoe.

"Hii kifua inaweza kupiga tarumbeta isikike mpaka Kambove."

Minye peke yangu sikucheka. Nilikuwa nakumbuka. Siku moja, dispensaire moja ya kupiga picha, bahasha mbili zenye kufanana. Na ile jupe yangu ya kifungo kikubwa.

Nyonga zile ni zangu!

Basi ile nyingine, ile niliyoiosha na Javel bila kuiangalia, ile tuliyoipiga kila Jumapili...

Mado alifika pale kabla yangu. Akajiziba kinywa.

"Yaya... njo mapafu yake nilikalia?"

Nikamkanyaga mguu.

Lakini Déogratias hakuchoka. "Pasta, mwenye picha alisema baifungue."

Pasta akapangusa machozi. "Mwenye picha ni nani sasa?"

Nikanyanyua mkono. Mbele ya wakwe, mbele ya wajukuu, mbele ya kanisa zima.

"Nyonga ni zangu, Pasta. Na minye nasema zipigwe."

TA!

Tukaingiza watu, na mahindi yao, na maboga yao, na kuku wao. Hakuna vis hata moja iliyolegea. Déogratias akafunika piano, akaenda kusaidia kubeba mihogo, na ukweli niseme, aliibeba vizuri.

Jumatatu asubuhi nikamuita bwana yangu, pole pole, bila kumcheka.

"Baba Ricky, kifua ni kizima. Jembe njo lile pale."

Akasimama. Akatembea kidogo. Akashika kiuno.

"Mama, Stéphanie alisema ni bassin. Sasa njo naelewa. Miaka yote nilikuwa nauguza pasipo pake."

Na akaanza kuchechemea mbele ya macho yangu, kwanza mguu wa kushoto, kisha, alipojisahau, wa kulia.

Ninyi wenye ngoma, shikeni hili la kambo: kazeni vis kwa musalaba, na picha muioshe na Javel kwanza. Ninyi wenye bwana kama wangu, msichoke bure kumuonyesha kwamba ni mzima. Mtu aliyeupenda ugonjwa wake, ukimfukuza ku kifua anahamia ku kiuno.

Naishia hapa. Ananiita nimkande.