Kwenda Omani Bila Kutumwa

Ndege haikunitisha sana, wala joto. Kilichoninyima usingizi ni siku ya kurudi. Kijana wa Gatitu, kijiji chetu, akipanda ndege, watu humngoja miaka minne, naye hurudi na cheti. Mimi nilitaka kwenda Omani wiki mbili tu, nizunguke, nione, kisha nirudi kazini. Watu watasema nini wakiniona tena sokoni kabla mahindi hayajapaliliwa mara ya pili? Watasema nimefukuzwa. Hilo nililigeuza kichwani kila upande, na kila upande lilitoka baya.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea kwisha. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na kupata kazi ya kufundisha jiografia katika shule moja nje ya mji wa Nyeri. Siku niliyofundisha habari za majangwa ya Uarabuni, msichana mmoja wa dawati la nyuma aliniuliza, "Mwalimu, wewe umeona jangwa?" Nikajibu kwamba nimesoma habari zake. Aliitikia kwa adabu, akatazama nje, na nikajua nimempoteza. Kuanzia mwezi ule nikaanza kuweka akiba.

Jumamosi moja wakati wa likizo nilikwenda Nanyuki kumwona Mzee Salim, mfanyabiashara wa mifugo ambaye baba yake alitoka Omani. Mlima Kenya ulikuwa wazi asubuhi ile, lakini sikuutazama vizuri, kwa kuwa njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia. Nilimkuta kwenye kivuli nyuma ya duka lake, karibu na zizi la mbuzi. Hakuniruhusu kueleza shida yangu kabla sijala tende na kunywa kahawa chungu kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono.

Nikamaliza kikombe. Akakijaza. Kwetu mgeni kuacha kitu ni kumdharau mwenye nyumba, kwa hiyo nikamaliza tena, naye akajaza tena. Tuliendelea hivyo hadi moyo wangu ukawa unapiga mbio.

"Mwalimu," akasema hatimaye, "ukitosheka, kikombe hutikiswa. Usipokitikisa nitakumiminia mpaka jua litue."

Nikakitikisa. Alicheka mpaka mbuzi wakageuka kututazama.

Ndipo nikaanza maswali yangu. Maji ya kunywa je? Nge je? Nikipotea mchangani nifuate nini? Nikiugua Ijumaa, nitapata daktari?

"Wewe unakwenda kutembea au unakwenda vitani?"

"Kutembea, mzee."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Una biashara gani kule?"

"Sina. Nataka kuona tu."

Mzee Salim aliacha kucheka. "Mimi nimezaliwa hapa Nanyuki," alisema. "Watu wa Nyeri wanaokuja kwangu huniuliza bei ya mbuzi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza kwetu kukoje."

Alizungumza hadi adhuhuri. Alinieleza pwani ambako dagaa huanikwa juu ya mchanga mtupu, na nyuma yake milima isiyo na jani. Huko milimani, katika kijiji cha binamu yake, watu walilima makomamanga kwenye matuta yaliyopangwa kama ya kahawa yetu. Maji yao yalitoka mbali kwa mifereji iliyochimbwa kwenye mwamba na wazee wa kale. Kila shamba lilikuwa na zamu yake ya maji, na mchana zamu ilipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini. Kabla sijaondoka aliahidi kumwandikia binamu yake anipokee. "Utakuwa mgeni wangu," alisema, "hata kama mimi sipo."

Majibu ya binamu yalipofika, na ruhusa ya kuingia nchini humo ikapatikana, nilimwambia mama kwamba ninakwenda ng'ambo. Mama aliwaambia wenzake kanisani. Wenzake walijua wenyewe mtu huenda ng'ambo kufanya nini.

Jumapili, siku moja kabla ya safari, nilifika nyumbani Gatitu na kukuta ua umejaa. Mbuzi alikuwa keshachinjwa. Kina mama wa kanisa waliniita daktari wetu na kunivisha sweta nzito waliyoifuma wenyewe, "kwa sababu baridi ya huko ati inaingia mpaka kwa mifupa." Baba Wambui, jirani yetu mwenye lori, alikuwa ameliosha likang'aa, tayari kubeba kijiji kizima kunisindikiza uwanja wa ndege.

Baada ya maombi alisimama yeye. "Lori niko nayo tayari," alisema. "Sasa mwalimu atuambie, anaenda kusomea nini?"

Nilisimama ndani ya sweta ile, jasho likinitiririka mgongoni. Nikaeleza habari za Omani kama nilivyozisikia Nanyuki: bahari, milima, makomamanga. Nilipofika kwenye mifereji na zamu za maji, Baba Wambui alisogea mbele. Yeye na majirani wa bondeni walikuwa wamegombania mfereji mmoja tangu nikiwa shule ya msingi.

"Wanagawana maji kwa kivuli?" akauliza. "Na hawapigani?"

"Sijui. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Basi nimeelewa," alisema akiwageukia watu. "Anaenda kusomea maji. Hiyo ni kitu ya maana."

Watu walipiga makofi. Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yangu, mpana. Ningesema ndiyo, nile mbuzi, nikae kimya. Nikamtazama mama, aliyekuwa ameketi karibu na jiko akiwa bado na mwiko mkononi, nami nikaona siwezi kuanza safari yangu ya kwanza kwa jina la safari nyingine.

"Hapana," nikasema. "Siendi kusoma. Naenda kutembea. Wiki mbili, kisha narudi shuleni kufundisha."

Makofi yalikufa. Mama mmoja aliuliza, "Kutembea kumwona nani?"

"Kuona nchi tu."

"Na sweta yetu?"

Hakuna aliyecheka. Kisha mama yangu aliweka mwiko chini na kusimama.

"Baba yake mnamkumbuka," alisema. "Wakati wa vita vya uhuru walimtoa hapa na pingu, wakampeleka kizuizini kisiwani. Aliniambia aliona bahari kila siku katikati ya nyaya, na hakuna siku aliruhusiwa kuigusa. Katika nyumba hii mtu hajawahi kwenda mbali bila kupelekwa au kutumwa. Huyu anaenda kwa miguu yake, kwa sababu anataka. Mimi naona hicho ni kitu cha kuchinjia mbuzi."

Akarudi kwenye sufuria yake. Baba Wambui akakohoa.

"Wiki mbili," alisema. "Kwa hivyo lori itaenda mara mbili."

"Ukikubali kuja kunichukua."

"Nitakuja. Lakini kuiosha mara ya pili, mwalimu, utaosha wewe. Na hiyo ya kivuli uiangalie vizuri. Siyo ya kusomea. Uniangalilie tu."

Jumatatu asubuhi tulishuka hadi Nairobi, kina mama wakiimba nyuma ya lori. Kwenye mlango wa uwanja wa ndege, mahali ambapo wasindikizaji hawaruhusiwi kupita, mama alinifunga vifungo vya sweta mpaka shingoni kama mtoto wa shule. Maswali yangu yote yalikuwa bado nami, nge na Ijumaa na mchanga, na nimejifunza kwamba mtu anaweza kusafiri nayo. Nilivuka uwanja, nikasikia wimbo wa Gatitu ukitoka kwenye kibaraza cha juu, nikageuka na kuwapungia. Kisha nikapanda ngazi za ndege nikiwa nimevaa sweta, kwenda jangwani kutembea.