Nyimbo za Kupimia Pindo

Fundi cherehani wa pale kona hatazami saa. Kazi huipima kwa nyimbo za bendi aliyoipenda ujanani: pindo la suruali ni beti mbili, zipu ni wimbo mzima pamoja na magitaa, ambayo huyapiga kwa mdomo uliobana pini. Maneno mengi yamemtoka, basi hujazia kwa mluzi, mguu ukiendelea kukanyaga. Ubeti mmoja tu hajawahi kuukosa, ule wa mume anayeacha chai ipoe akihangaika na uzi.

Juzi mteja aliyengojea suruali yake aliutafuta wimbo wenye ubeti huo kwenye simu. Fundi akafurahi, akaimba nao. Ulipofika ule ubeti, simu ikaimba mambo mengine kabisa. Cherehani ikanyamaza.

“Kumbe siku zote unakosea, fundi!” mteja akacheka.

Binti wa fundi, aliyekuwa akishona vifungo, hakuinua kichwa. “Huo ubeti alitunga marehemu mama, kaka. Kwenye stuli hiyo uliyokalia.”

Fundi akachomoa pini mdomoni. “Zima, bwana,” alisema taratibu. “Hao wameuruka ubeti.”

Akauimba wote mpaka pindo likaisha, chai yake ikipoa kando.