Sufuria Isiyoteremka

Fikirini alikuwa fundi redio tangu siku zile maduka ya Kariakoo yalipokuwa na rafu tupu. Ilipokuja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje, maduka yakafurika mashine kutoka Dubai, naye akajifunza kuzitengeneza kwa kuzifungua tu, hapo barazani kwa duka la Harshad. Baraza hilo lilimlisha miaka kumi na moja. Sasa lilikuwa likimponyoka kwa ajili ya jiko la umeme la kupikia wali.

Jiko lilikuwa la Mama Kamla, mama yake Harshad, aliyeishi ghorofani juu ya duka. Lilikuwa linaunguza. Katikati ya sahani ya moto pana kifungo chenye springi, kinachogusa kitako cha sufuria na kupima joto. Wali ukiiva, kinazima jiko chenyewe. Fikirini alikisugua kwa msasa. Akakibadilisha. Akabadilisha na nyaya zake. Kila mara alijaribu kwa sufuria yake mwenyewe, wali ukatoka mweupe, punje moja moja. Jiko likipanda ghorofani, linaunguza.

"Mara ya tatu hii, fundi," Harshad alimwambia. "Wateja wanasikia mama analalamika. Likirudi tena, tafuta baraza lingine."

Fikirini alilichukia lile jiko kama mkwe mkorofi. Safari hii akalibeba mwenyewe mpaka juu.

"Shikamoo, mama. Naomba upike nikiona."

"Marahaba. Simama hapo mlangoni."

Mama Kamla akatoa sufuria ya jiko kabatini. Fikirini akaona kitako chake kimebonyea kwa ndani, katikati kabisa. Hicho kifungo kilikuwa hakigusi kitu.

"Mama, hii imebonyea lini?"

"Mwezi uliopita. Ukoko ulikataa kutoka, nikaibamiza kwenye karo."

"Mbona hukuiteremsha pamoja na jiko?"

"Wewe barazani unakula samaki, fundi, na mikono hiyohiyo unashika vyombo. Sisi hatuli samaki; hii haijawahi kuguswa nao."

Alitaka kucheka, akashindwa. Wiki tatu nzima alifungua skrubu zilezile, na hata siku moja hakuuliza sufuria iko wapi. Akanyoosha mkono aipokee, kisha akaurudisha.

"Basi chukua mchi, mama. Iweke sakafuni, uigonge kwa ndani, polepole."

Yeye akielekeza kutoka mlangoni, mama akagonga, mpaka kitako kikalala sawa. Wakapika. Wali ukatoka mweupe. Harshad alipoonjeshwa alisema tu, "Haya, kaa," akarudi kwenye wateja wake.

Kesho yake mchana Fikirini alifungua samaki wake wa soko la Feri juu ya meza ya kazi, kama siku zote. Akawatazama, kisha akaitazama mikono yake. Akawafunga tena kwenye gazeti, akavuka barabara, akawala amesimama juani, macho yakiwa barazani kwake.