Leonida na Katazo la Neno Moja

Leonida, ambaye Sindo nzima humwita Mama Bravin, ameanika omena, dagaa wa ziwani, mahali pamoja kwa miaka ishirini na sita. Alirithishwa na mama mkwe wake: kipande cha changarawe juu kidogo ya ufuo, kisichozidi nyumba ya vyumba viwili. Kwingine ni mchanga mtupu, na omena ya mchangani husaga meno. Wanunuzi kutoka Kegonga wakitafuna mmoja wa kuonja na kusikia mchanga, huondoka bila kuaga.

Jumatatu moja alikuta kibao kimesimikwa katikati ya changarawe yake. Kilikuwa na neno moja tu, kwa herufi nyekundu: FORBIDDANCE.

Lynnet, jirani yake aliyemaliza kidato cha nne, alilitafuta kwenye simu. Lilikuwemo. Maana yake ni katazo, na kamusi iliongeza kwamba neno hilo ni rasmi na hutumika kwa nadra sana.

"Kwa nadra," alisema Leonida. "Na likaona lije lipumzike kwangu?"

Alimwendea Willis, mwenyekiti wa kamati ya ufuo, mwalimu mstaafu ambaye hata salamu huzitoa kwa ajenda.

"Jaduong', mzee wetu, kwa nini hukuandika marufuku?"

"Mama Bravin, marufuku imechoka. Si pale tumeandika marufuku kuosha pikipiki? Zinaoshewa wapi?"

"Chini ya kibao."

"Na ukutani tumeandika usikojoe hapa?"

"Ndiyo tunajua pa kuwaelekeza wageni."

"Umeona! Neno likieleweka, watu hulizoea. Hili watalicha."

"Lakini linakataza nini? Halijasema."

"Neno kubwa halihitaji wasaidizi," alisema Willis. Kisha akashusha sauti. Alhamisi afisa wa kaunti angekuja kufungua choo kipya cha ufuo, na hema lingesimama kwenye changarawe. Hakutaka mgeni anuse omena. "Na hata akishaondoka, kibao kitabaki. Ufuo lazima uwe na sura. Kuanzia leo, mtu yeyote asikanyage pale."

"Mtu yeyote?"

"Yeyote."

Leonida alikusanya nyavu zake kuukuu za kuanikia, akaenda nyumbani.

Alhamisi alfajiri mashua zilirudi zimejaa, kwa kuwa giza la mwezi, majira ya kuvua omena kwa taa, lilikuwa limeanza. Omena isipoanikwa siku hiyohiyo huoza. Leonida alipanga beseni zake saba kivulini, hatua chache kutoka kwenye changarawe, akazifunika kwa magunia yenye maji, akaketi. Wenzake wa kwaya, waliotakiwa kumwimbia mgeni mbele ya hema, waliketi naye.

Mgeni alifika saa tano. Kwaya ilimwimbia kutoka mbali, kama watu wanaoita mashua.

"Sogeeni!" alifoka Willis.

"Umesema mtu yeyote, Jaduong'," alijibu Leonida. "Tumetii."

Afisa alikuwa ameinua mguu aingie hemani. Aliutazama umati uliojitenga, akatazama herufi nyekundu, akaurudisha mguu.

"Mwenyekiti, ardhi hii iko kortini?"

"Hapana, mheshimiwa! Hilo ni katazo la omena."

"Omena iko wapi?"

"Haipo, mheshimiwa. Imekatazwa."

"Hapa pameandikwa omena?"

Willis alieleza kwamba neno hilo ni nomino, kwamba ni sahihi, kwamba liko kwenye kamusi. Afisa alisikiliza huku akirudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye gari lake. Alikuwa amewahi kufungua zahanati iliyojengwa kwenye ardhi ya kesi, na picha yake ingali ikitolewa mahakamani kama ushahidi.

"Mimi sifungui kitu penye amri," alisema. "Kiondoke, na kisirudi. Nikisikia kimerudi, na choo kitakuwa na kesi."

Willis alikumbatia nguzo ya kibao, akaing'oa mwenyewe, suti na yote. Utepe ulikatwa. Choo kikafunguliwa, kikasifiwa, kikafungwa kwa kufuli. Saa sita na nusu hema lilishushwa, na kabla kamba ya mwisho haijafunguliwa, nyavu za Leonida zilikuwa zimeshatandazwa.

Beseni moja ya omena iliharibika, akawapa kuku. Sita zilikauka kabla ya jua kuzama, safi, bila mchanga. Kibao alikiokota na kukitumia kukandamiza pembe ya wavu inayopeperushwa na upepo.

"Kimepata kazi," alimwambia Lynnet.

Willis alipita jioni, akaonja omena mmoja, kisha wa pili, akaomba afungiwe kidogo kwenye gazeti.